Kamba ya ine: namna gitare ya Congo ilipata sauti yake

Vijana wengi wenye kupenda rumba ya zamani wanauliza swali lile lile: nifanye nini kusudi gitare yangu itoe sauti kama zile za wakati wa Docteur Nico na Franco? Wengi wanafikiri jibu ni feza. Wanaona picha za gitare za Ulaya na Marekani kwenye telefone, wanasoma bei, wanakata tamaa. Wengine walikuwa na gitare nyumbani, lakini siku ya kukimbia walibeba watoto na godoro, gitare ikabaki.

Leo tunataka kueleza historia yenye itawasaidia wote wawili. Sehemu moja kubwa ya sauti ya Congo haikutoka dukani. Ilitokana na kamba moja tu, kamba ya ine, yenye wapiga gitare wetu walitoa na kuweka ingine nyembamba mahali pake. Mutu mwenye kujua habari ya kamba hiyo anaweza kubadilisha gitare yoyote ya umeme kwa muda wa nusu saa. Lakini ili tuelewe sababu gani walifanya vile, tuanzie mbali kidogo.

Kabla ya umeme

Gitare ilifika kwetu pamoja na mabaharia, wafanyakazi wa reli, wafanyakazi wa migodi na wageni wa kila namna. Katika Katanga, watu walitoka vijiji vingi wakakutana katika kambi za wafanyakazi, na lugha yenye iliwaunganisha ilikuwa Kiswahili. Ndipo akatokea Jean-Bosco Mwenda, mwenye tunajua pia kwa jina Mwenda wa Bayeke. Alizaliwa Bunkeya mwaka wa 1930. Mwaka wa 1952, Hugh Tracey, mutu mwenye alikuwa anazunguka Afrika na mashini ya kurekodi, alimukuta kule Jadotville, muji wenye leo unaitwa Likasi, na akarekodi wimbo wake «Masanga».

Mwenda hakuwa na umeme. Alikuwa na gitare ya mbao, kidole gumba na kidole cha kwanza. Kidole gumba kilipiga kamba nene, kidole cha kwanza kikapiga kamba nyembamba, na mutu mwenye hakuona alifikiri kuna gitare mbili. Mwisho wa miaka ya 1950 alifika Nairobi, na vijana wa Kenya wakajifunza mupigo ule wa vidole viwili. Kwa hiyo mapema sana watu wetu walikuwa wanatafuta kitu kimoja: kufanya gitare isikike kuwa zaidi ya gitare moja. Mutashike neno hilo, tutalikuta tena mbele.

Mukebe na waya

Upande wa magharibi, Léopoldville, kulikuwa mutoto mungine. François Luambo Makiadi, mwenye dunia inamuita Franco, alizaliwa Sona Bata mwaka wa 1938. Baba yake alikufa wakati Franco alikuwa bado mutoto, na mama yake aliuza mikate ya kukaanga sokoni, Ngiri-Ngiri. Feza ya kununua gitare haikuwapo. Franco alitengeneza yake kwa mukebe na waya za umeme zenye alichuna plastiki. Alipiga karibu na meza ya mama yake, na wateja wakasimama kusikiliza.

Mupiga gitare Paul Ebengo, mwenye kuitwa Dewayon, ndiye alimufundisha kwenye gitare ya kweli. Mwaka wa 1953, akiwa na miaka 15, Franco aliingia katika studio ya Loningisa. Mwaka wa 1956 yeye na wenzake walianzisha OK Jazz, orkestra yenye iliendelea mpaka kifo chake mwaka wa 1989.

Tunaeleza habari ya mukebe, lakini hatutaki kusema umasikini ni muzuri. Hapana. Mutoto mwenye anajitengenezea gitare anajifunza jambo moja ambalo mwenye kununua anaweza kukosa: anajua kwamba kila kipande kinaweza kuguswa. Kamba ikikatika, anatafuta ingine. Sauti ikiwa chini, anabadilisha waya. Haogopi kufungua.

Umeme unafika

Katika miaka ya 1950, Mubelgiji mumoja mupiga jazz, Bill Alexandre, alikuja Léopoldville na gitare ya umeme na akafanya kazi na studio ya CEFA. Vijana wa muji walimusikiliza sana. Gitare ya umeme ilikuwa na nguvu ya kusikika juu ya ngoma, saksofone na kelele ya bare.

Ni vizuri tueleze namna inafanya kazi, maana watu wengi wanachanganya. Chini ya kamba kuna mikro. Ndani ya mikro kuna sumaku, na kando ya sumaku kumezungushwa waya mwembamba sana wa shaba, mara elfu nyingi. Kamba ya chuma ikitetemeka juu ya sumaku, inazaa umeme mudogo ndani ya ule waya. Umeme huo unapita katika ampli, unakuzwa, unatoka katika bafle kama sauti. Ndiyo sababu kamba ya plastiki ao ya kuvulia samaki haisikiki katika mikro ya namna hiyo. Ndiyo sababu pia waya mumoja wenye kutolewa katika kamba ya freni ya kinga unasikika, kwa kuwa ni chuma.

Elimu hiyo haikubaki kwa Wazungu. Mufano ni Mingiedi Mawangu na kundi lake Konono No 1, lenye lilianza Kinshasa katika miaka ya 1960. Walitaka likembe isikike katika kelele ya muji. Walichukua sumaku katika vyombo vya gari vilivyoharibika, wakazungusha waya wa shaba, wakafanya mikro yao wenyewe. Mwaka wa 2004 santuri yao «Congotronics» ilifika Ulaya, na watu wa kule wakashangaa sauti hiyo.

Docteur Nico

Katika kizazi hicho cha umeme, jina lenye wapiga gitare wanataja kwa heshima kubwa ni Nicolas Kasanda, Docteur Nico. Alizaliwa Kasai, Mikalayi, mwaka wa 1939. Kabla ya muziki kumuchukua kabisa, alisoma shule ya ufundi na akamaliza mwaka wa 1957 ili afundishe ufundi. Alijiunga na African Jazz ya Joseph Kabasele, Grand Kallé. Mwezi wa kwanza wa mwaka wa 1960, wakati wakubwa wa Congo walikuwa Brussels katika Meza ya Duara kuzungumuzia uhuru, African Jazz walikuwa kule pia, na ndipo wimbo «Indépendance Cha Cha» ulitokea. Gitare ya mbele ilikuwa ya Nico. Gitare ya kusindikiza ilikuwa ya ndugu yake, Dechaud Mwamba.

Mwaka wa 1963 Nico na Tabu Ley Rochereau walianzisha African Fiesta. Mwaka wa 1965 waliachana, na Nico akaunda African Fiesta Sukisa. Alikufa Brussels mwaka wa 1985. Alipiga pia gitare kwa mutindo wa Hawaii, wa kuteleza chuma juu ya kamba, na hata hapo alifanya isikike kama kitu cha kwetu.

Shida ya gitare tatu

Sasa turudie lile neno la Mwenda: kufanya gitare isikike kuwa zaidi ya moja. Katika orkestra za miaka ya 1960 kulikuwa kwanza gitare mbili. Gitare ya solo ilipiga maneno ya juu, gitare ya kusindikiza ilibeba wimbo kutoka chini. Katikati kulibaki nafasi. Ndipo ikaingizwa gitare ya tatu, yenye kuitwa mi-solo. Tuwaambie vijana: «mi» hapa si noti ya mi. Ni neno la Kifaransa lenye maana ya nusu. Mi-solo ni nusu-solo, gitare yenye kukaa kati ya wengine wawili na kurudia mupigo mudogo, bila kuchoka, mpaka watu wainuke kucheza.

Lakini gitare tatu zenye kamba sawasawa zinagongana. Zote zinatafuta sauti katika eneo moja, na musikilizaji anasikia fujo. Wapiga gitare wa Congo walipata njia rahisi sana. Waliacha mupigo wa mukono vile vile, wakabadilisha kamba.

Kwa kawaida kamba sita, kutoka nene mpaka nyembamba, ni mi, la, re, sol, si, mi. Kamba ya ine ukihesabia kutoka ile nyembamba kabisa ni re. Ni kamba nene kiasi, yenye kuzungushiwa waya, na inatetemeka karibu mara 147 kwa sekunde. Waliitoa. Mahali pake waliweka kamba nyembamba kama ile ya kwanza, wakaivuta mpaka re ya juu, karibu mara 294 kwa sekunde. Ni re ile ile, lakini oktava moja juu. Gitare yenye kufungwa hivyo inaitwa mi-composé.

Musikilize kitu gani kinatokea. Mbele ya hapo, mukono ukishuka kutoka kamba ya ine kwenda ya tatu, ya pili na ya kwanza, sauti ilikuwa inapanda ngazi kwa utaratibu. Sasa kamba ya ine iko juu kuliko ya tatu na ya pili, chini kidogo tu ya ile ya kwanza. Vidole vinatembea vile vile, lakini sauti inaruka: juu, chini, juu. Noti zinakaa karibu karibu na zinang'aa kama kengele ndogo. Mutu mwenye hajui anafikiri muchezaji ana vidole vinane. Ni kazi ile ile ya Mwenda kule Likasi, kwa njia ingine.

Kule Marekani pia, katika studio za Nashville, kuna mutindo wenye kufanana, wa kubadilisha kamba ine za chini kuwa za oktava ya juu. Kwetu kamba moja ilitosha.

Namna ya kufanya

Kwa mwenye gitare ya umeme, hata ya bei ndogo, hii ndiyo njia.

Kwanza, tafuta kamba ya ziada ya namba moja, ile nyembamba kabisa. Ndiyo yenye kukatika sana, kwa hiyo wauzaji wengi wanaiuza peke yake. Unene wake wa kawaida ni karibu robo ya milimeta. Ile re yenye utatoa ina zaidi ya nusu milimeta.

Pili, usijaribu kuvuta re ya kawaida mpaka oktava ya juu. Ili kamba moja ipande oktava, inahitaji kuvutwa mara ine zaidi. Itakatika na inaweza kukuumiza jicho. Ni lazima kubadilisha kamba yenyewe.

Tatu, legeza re ya zamani polepole, itoe, ukaikunje na kuiweka. Usiitupe. Siku moja utataka kurudisha gitare namna ilikuwa.

Ine, weka kamba mupya na uivute mpaka ilingane na re ya oktava. Njia rahisi bila mashini: kamata kamba ya pili, si, kwenye chuma cha tatu cha shingo. Hiyo ni re yenyewe. Kamba yako mupya ikipigwa bila kukamatwa lazima ilie sawasawa na hiyo.

Tano, angalia kile kipande cha juu ya shingo chenye mifereji ya kupitisha kamba. Mufereji wa ine ulikatwa kwa kamba nene, kwa hiyo kamba nyembamba inaweza kucheza ndani na kulia vibaya. Wapiga gitare wengi wanaweka kipande kidogo cha karatasi ngumu chini yake. Inatosha.

Sita, upande wa chini, kwenye chuma chenye kubeba kamba, gitare nyingi za umeme zina skuru kwa kila kamba. Piga kamba bila kukamata, kisha ikamate kwenye chuma cha 12. Noti ya pili lazima iwe oktava kamili ya ile ya kwanza. Kama iko chini kidogo, sogeza kile kipande kuelekea shingo kwa turnevisi. Kama iko juu, kirudishe nyuma. Kwa kamba nyembamba, mara nyingi kitaomba kusogea kuelekea shingo.

Mwisho, wapiga mi-solo wanapenda kibano, chenye kushika kamba zote pamoja na kupandisha sauti. Mwenye hana cha duka anaweza kufunga kalamu ngumu na kipande cha mpira wa ndani wa kinga. Usipige kwa nguvu. Mi-solo ni kazi ya subira: noti chache, kila moja mahali pake, na masikio yakisikiliza gitare zingine mbili.

Kitu chenye hakiuzwi

Kubadilisha gitare kwa kumufuata mukubwa fulani si jambo la Congo tu. Uingereza, mwaka wa 1963, kijana Brian May hakuwa na feza ya gitare yenye alitaka. Yeye na baba yake walitengeneza moja nyumbani kwa mbao za kando ya meko ya zamani, springi za pikipiki na sindano ya kufumia. Baadaye alipiga gitare hiyo na kundi la Queen mbele ya dunia yote. Leo kuna viwanda vinauza gitare zenye kufanana na ile, na watu wanalipa feza nyingi kwa kuiga kitu chenye kilizaliwa kwa kukosa feza.

Hapo kuna mafundisho kwa vijana wetu. Ukinunua gitare ya rangi kama ya mukubwa wako, umepata rangi. Ukijua alibadilisha nini na kwa shida gani, umepata njia. Shida yao ilikuwa nafasi katikati ya gitare mbili, na jibu lao lilikuwa kamba moja. Shida yako inaweza kuwa ingine, na mukono ule ule wenye ulijifunza kufungua gitare utapata jibu lingine. Kule Kinshasa, Roger Landu wa kundi la Staff Benda Bilili alipiga satonge, chombo chenye mukebe na waya mumoja tu, na mwaka wa 2009 santuri yao ilizunguka dunia. Hakuwa anamufuata Nico, na Nico angemuelewa.

Wazee wako wapi?

Mwezi wa 12 mwaka wa 2021, UNESCO iliweka rumba ya Congo katika orodha ya urithi wa watu wote. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini karatasi ya Paris haiwezi kumuonyesha mutoto mahali pa kuweka kidole. Ujuzi wa mi-solo haukuandikwa sana. Unapita kutoka mukono kwenda mukono: muzee anapiga, kijana anakaa kando yake, anaangalia, anakosa, anarudilia.

Vita inakata ule mupito. Kijana akikimbilia upande mumoja na muzee upande mungine, gitare haipotei peke yake. Wale wawili wanapoteana, na mupigo unabaki kwa mutu mwenye hana wa kumuachia. Katika makimbilio, katika familia zenye kupokea wageni, na hata mbali kule Nyarugusu, Nakivale ao Kakuma, kuna watu wazima wenye walipiga katika orkestra za muji, katika kwaya, katika arusi. Wengi wananyamaza, kwa sababu wanafikiri mupiga gitare bila gitare si kitu.

Ndugu zetu, si kweli. Baba mwenye anajua mupigo anaweza kufundisha juu ya ubao wenye waya tatu za freni. Sauti itakuwa ndogo, lakini vidole vitajifunza njia. Siku gitare itapatikana, vidole vitakuwa tayari.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja. Kama katika kwenu, ao katika nyumba ya jirani, kuna muzee mwenye alipiga solo, mi-solo ao kusindikiza, mukamuulize alifunga kamba zake namna gani. Mumuulize kuhusu ya ine. Muandike jibu lake katika kaye ya shule, ao murekodi na telefone, pamoja na mahali alipiga na nani alimufundisha. Kisha mumuombe aonyeshe mutoto mumoja, kijana ao binti. Kamba moja ya ziada inauzwa sokoni. Muzee mwenye anajua kuifunga hauzwi popote, na tuko naye leo.